Wali wa maziwa tuliopika siku ya kuzaliwa ya Macho

Alhamisi, Makambako. Saa nne asubuhi.

Ukungu haujainuka. Nikiwa hapa kaunta, kwenye duka la steshenari ninapofanya kazi, naiona barabara hadi nguzo ya pili tu ya umeme. Zaidi ya hapo ni weupe mtupu. Malori yanatokea humo taa zikiwaka, yanapita, yanapotea tena. Baridi ya Julai hii imezidi. Nimevaa makoti mawili na bado hayatoshi.

Mmezoea kukuta kwenye blogu hii mapishi ya viazi, maparachichi na utani. Leo hakuna utani. Nitaandika yaliyotokea tangu Jumamosi, kwa sababu kuna mtu ameniambia niyaandike, na mtu huyo ana haki ya kunituma.

Kwa asiyeifahamu blogu hii: kila mwaka, mwezi huu, nasherehekea siku ya kuzaliwa ya mwigizaji mmoja wa filamu za zamani za Kihindi. Nyumbani tunamwita Macho. Mama yangu hakuweza kulitamka jina lake, na alichokikumbuka ni yale macho makubwa yanayojaa machozi bila kuyadondosha. Alimwona mara ya kwanza akiwa msichana, gari la sinema lilipokuja hapa Makambako likatundika shuka jeupe uwanjani. Mpaka leo Mama anasema siku ile ndipo alipojua kwamba mtu anaweza kulia bila kuaibika.

Macho alishafariki zamani. Filamu zake ninazo kwenye flashi, zote nyeusi na nyeupe. Kila mwaka nachagua moja, natafuta chakula kinachopikwa ndani yake, nakipika kwa vitu vinavyopatikana huku kwetu, na naandika pishi wiki moja kabla ili anayetaka apike siku ile ile. Mwaka jana zilikuwa chapati za kujazwa viazi.

Mwaka huu nilichagua wali wa maziwa.

Kwenye filamu hiyo Macho ni mjane anayeishi chumba kimoja na watoto. Mvua inanyesha siku nzima. Anaingiza jiko la mkaa katikati ya chumba, anafunga mlango, anaziba dirisha kwa nguo, anawaketisha watoto kuzunguka sufuria, halafu anakoroga maziwa na mchele polepole huku mwanga wa makaa ukimpiga usoni. Hakuna anayesema neno. Ni dakika chache tu, lakini Mama hulia kila mara.

Nayaandika tena hapa maneno niliyoyaweka kwenye pishi. Nimeshayafuta, na sitaki kujificha nyuma ya kufuta. Niliandika hivi: "Msipikie jikoni. Ingizeni jiko la mkaa sebuleni kama Macho. Fungeni mlango na madirisha, zibeni baridi kwa kanga, kaeni kuzunguka sufuria, washeni filamu. Wali huu unataka moto mdogo na saa mbili za subira."

Nilijiona nimeandika vizuri.

Jumamosi nilikwenda Njombe kwa Mama, mimi na binti yangu Faraja mwenye miaka tisa. Njombe kulikuwa kubaya kuliko huku. Majani ya viazi nyuma ya nyumba ya Mama yalikuwa yameungua kwa umande ulioganda. Nilinunua maziwa lita mbili, nikachagua mchele, nikaponda hiliki. Nikawasha mkaa wa miti ya miwati nje, nikaupepea mpaka ukawa mwekundu wote na moshi ukaisha kabisa, ndipo nikaliingiza jiko ndani. Niliamini kwamba moshi ukiisha, hatari nayo imeisha.

Nilikunja blanketi nikaliweka chini ya mlango. Dirishani niliweka kanga mbili. Nikapiga picha nyingi za Mama na Faraja wakiota moto, kwa ajili yenu. Saa tisa alasiri tukaanza filamu.

Baada ya kama saa moja Mama akasema kichwa kizito. Nikamwambia ni miwani, amekataa kuibadilisha miaka mingi. Faraja, ambaye hawezi kutazama filamu dakika mbili bila kuuliza huyu ni nani na yule amefanya nini, alikuwa amelala mapajani mwangu kimya. Na mimi kichwa kilinigonga kwenye panja. Nikasema moyoni ni harufu ya hiliki, nimezidisha.

Halafu ikaja hali ambayo sijui kuieleza. Niliona wali unashika chini. Nilisikia harufu yake ya kuungua. Mwiko ulikuwa pale, umesimama ndani ya sufuria, karibu na mkono wangu. Nikajiambia nyoosha mkono ukoroge. Sikunyoosha. Nilikuwa na usingizi mtamu, na sikuona kama kuna kitu kinachostahili kuhangaikiwa.

Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa. Sikuogopa hata kidogo.

Umeme ukakatika. Huku kwetu ni jambo la kila wiki, na siku zote naulaani. Kioo kikazimika Macho akiwa katikati ya kufungua mdomo. Mama, ambaye hawezi kuvumilia filamu ikatwe, akanisukuma kwa mguu akaniambia niende nikaangalie kama majirani nao hawana, au ni luku yetu imeisha. Alisema kwa ulimi mzito kama mtu aliyelewa. Nikasimama ili kumridhisha tu. Magoti yakakataa. Nikaenda kwa mikono na miguu hadi mlangoni, nikalivuta blanketi, nikafungua.

Baridi ilinipiga usoni nikatapika palepale kizingitini. Nilipogeuka nimwite Faraja, hakuitika. Nikamtikisa. Shingo yake ililegea kama ya mtoto mchanga.

Sikumbuki nilivyopiga kelele. Jirani, Mama Anitha, anasema nilikuwa naita jina la mtoto tu, mara nyingi, bila kusema kingine. Yeye ndiye aliyembeba Faraja nje, akamvuta Mama, akatafuta bajaji. Hospitali wakatuwekea oksijeni wote watatu. Faraja alifumbua macho jua linakaribia kuzama, akauliza kama filamu imeisha.

Muuguzi aliyetuhudumia alikuwa mama wa makamo, mpole, hana maneno mengi. Alinieleza kwamba mkaa unapoungua mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu. "Moshi ungewakimbiza," aliniambia. "Hii haina rangi, haina harufu. Inawaingia mnapiga stori, mnasinzia, basi." Akasema kila msimu wa baridi wanapokea watu wa namna hii, na si wote wanaofika kwa wakati. Kisha akaniuliza ni nani alitushauri tuzibe hadi dirisha.

Nikamjibu kwamba ni baridi tu.

Jumapili asubuhi tuliruhusiwa. Na hapa nataka kusema lile ninaloona aibu kuliko yote. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipofika nyumbani kwa Mama ni kuifungua blogu na kuondoa ile mistari. Mistari hiyo tu. Mahali pake nikaweka "pikeni kwa moto mdogo." Sikueleza kitu. Picha nilizopiga nikazificha. Niliogopa mtanicheka, mwalimu wa mapishi aliyetaka kuwaua watu wa nyumbani kwake. Nikajiambia siku yenyewe imeshapita, aliyepika ameshapika. Nikalala.

Jumatatu asubuhi tulikuwa tunakunywa chai nje, kwenye jua hafifu. Mama alikuwa hajaniuliza lolote tangu tutoke hospitali. Akaweka kikombe chini.

"Wale wanaokusoma," akasema, "nao waliziba madirisha?"

Sikumaliza chai.

Nilihesabu maoni. Watu kumi na mmoja walikuwa wameandika kwamba watapika siku ya Macho. Nikafuta chapisho lote, nikaandika onyo, nikaanza kumtafuta mmoja mmoja. Kufikia Jumanne mchana, nikiwa nimesharudi kazini, kumi walikuwa wamejibu. Wengine walipikia nje, wengine hawakupata mkaa. Wawili waliniambia familia nzima iliumwa kichwa na kutapika, wakadhani maziwa yaliharibika. Mmoja wa Makambako hii hii alisema mume wake alianguka akielekea chooni, wakamcheka kwamba amelewa ulanzi. Nilikuwa nasoma majibu hayo hapa kaunta huku watu wakitaka fotokopi.

Wa kumi na moja alikuwa Oliva wa Igwachanya.

Namba yake nilikuwa nayo. Wiki iliyotangulia alinitumia ujumbe kuniuliza aweke nini badala ya zabibu kavu, nikamwambia karanga zilizokaangwa. Aliniandikia pia kwamba anaishi na mama mkwe, na hawapatani sana, ila wote wawili wanapenda filamu za Kihindi. "Nitampikia yeye," aliandika. "Labda tutakaa chumba kimoja tukacheka." Nilimjibu kwa picha ya moyo.

Ujumbe wangu haukumfikia. Simu ilikuwa imezimwa Jumatatu nzima. Jumanne saa kumi ikaita, akapokea mwanamume. Akasema mwenye simu yuko msibani. Nikauliza msiba wa nani.

"Mama yake mkwe," akasema. "Alifariki Jumamosi." Akakata.

Jana, Jumatano, nilimdanganya bosi wangu kwamba naumwa. Nikapanda gari hadi njia panda, nikachukua bodaboda, nikafika Igwachanya karibu saa saba nikiwa na kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Njia nzima nilitafuta sababu nyingine ya kifo. Presha. Kisukari. Umri. Nilikuwa namwombea marehemu nisiyemjua awe amekufa kwa ugonjwa wowote ule.

Marehemu alishazikwa. Turubai lilikuwa bado limefungwa uani, wanaume wameketi kuzunguka gogo linalofuka, wanawake ndani kwenye mikeka. Nikawasalimia kwa salamu ya huku, kamwene, wakaitikia, nikakabidhi sukari, nikamuulizia Oliva. Mwanamke aliyepokea sukari aliangalia pembeni. Akanionyesha kwa kidevu, nyuma ya jiko.

Oliva alikuwa ameketi peke yake juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nyumba ina msiba wa mkwe wake na yeye hana kazi. Hapepeti, haoshi vyombo, hachoti maji. Ni msichana mdogo kuliko nilivyofikiri. Alinitambua kutokana na picha ya kwenye blogu.

"Dada wa mapishi," akasema. "Umekuja." Na akaanza kulia, kwa sababu alifikiri nimekuja kumpa pole tu.

Akanisimulia. Jumamosi mume wake, Festo, alikuwa shambani. Oliva aliingiza jiko sebuleni, wakakaa yeye na mama mkwe, filamu ikichezwa kwenye simu. Alisema ilikuwa siku nzuri kuliko zote walizowahi kukaa pamoja. Mama mkwe alimsimulia habari za ujana wake, akacheka, akasifia wali. Baadaye Oliva alitoka kumpa ng'ombe majani na kuanua nguo. Alikawia kidogo kwa sababu kichwa kilimuuma akaketi zizini. Aliporudi akamkuta mama mkwe ameinamisha kichwa kifuani, bakuli mapajani, blanketi mabegani. Akadhani amesinzia. Akapunguza sauti ya simu ili asimwamshe.

Alisema hivyo mara mbili. Kwamba alipunguza sauti.

Chini ya benchi mle sebuleni, kwenye kikapu, kulikuwa na kuku wa mama mkwe aliyekuwa ameatamia. Naye alikuwa amekufa. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Wifi yake, Skola, alisema mama amekula wali wa Oliva, kuku naye ameokota masalia ya wali huo, wote wamekufa siku moja. Basi Oliva aliweka kitu. Tangu Jumapili hakuna mtu aliyekubali kula chochote kilichopita mikononi mwake. Na jana saa tisa wazee wangekaa kikao. Walikwisha kukubaliana, alisema, kwamba yeye arudi kwa wazazi wake na watoto wake wawili wabaki.

Nikamuuliza kama dirisha lilikuwa limefungwa.

"Niliziba kwa kanga," akasema. "Kama ulivyoandika."

Alinitazama usoni bila lawama yoyote. Bado hakuwa ameunganisha.

Ningeweza kuondoka. Naandika hili kwa sababu nilisema nitasema kweli. Nilisimama karibu na simtanki la maji kwa muda nikijifanya natafuta mtandao. Bodaboda zilikuwa zinapita barabarani, mkono mmoja tu ningeunyoosha. Pale nyumbani hakuna aliyenijua isipokuwa Oliva, na Oliva hakujua anachokijua. Nilifikiria sura zenu, mnaonisoma. Nilifikiria polisi. Nikamfikiria Faraja, shingo yake ilivyolegea mkononi mwangu, na jinsi ambavyo mimi nilimrudisha wangu nyumbani.

Saa tisa nikaenda chini ya turubai nikaomba kusema.

Walikuwepo Festo, Skola, wazee wanne, na baba mdogo wa Festo ambaye ndiye aliyeongoza kikao, mzee mkavu mwenye koti la mvua. Alikuwa na haki ya kunifukuza. Aliniuliza mimi ni nani, nikasema mimi ndiye niliyemfundisha Oliva kuupika ule wali na namna ya kuupika. Nikawaeleza yote: filamu, pishi, blanketi mlangoni, umeme kukatika, hospitali, maneno ya muuguzi. Nakala ya chapisho nilikuwa nayo kwenye simu. Nikaisoma kwa sauti, kila neno. Nilipofika kwenye "zibeni baridi kwa kanga" nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Alikuwa Oliva.

Skola hakukubali, na simlaumu, alikuwa amempoteza mama yake. Alisema mimi ni rafiki wa Oliva na tumepanga. Akauliza kama ni hewa, mbona Oliva yu hai. Nikasema alitoka nje. Akasema je, kuku?

Baba mdogo akamgeukia. Akamuuliza ni nani aliyeenda kumtupa yule kuku. Skola akasema ni yeye. Akaulizwa alimkuta wapi. Akasema kwenye kikapu, juu ya mayai. Mzee akauliza kama kuna mtu aliyemwona kuku yule akishuka siku hiyo, au aliyemtupia chakula. Oliva ndiye aliyejibu, kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie kuisikia: kuku alikuwa hajashuka tangu asubuhi, na mahindi yake aliyowekewa na marehemu yalibaki kwenye kopo vilevile.

Kisha Festo, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu nifike, akasema yeye ndiye aliyelitoa jiko nje jioni ile. Alikaa mle ndani kidogo tu na mama yake. Kichwa kilimuuma mpaka asubuhi. Alidhani ni kilio.

"Kuku hakula wali," akasema baba mdogo.

Hakuna aliyekwenda kumkumbatia Oliva. Skola alijifunika uso kwa kanga akaingia ndani. Wazee waliangalia chini. Baada ya muda baba mdogo akasema ana kiu, akaagiza chai, na akataka Oliva ndiye ailete. Oliva akaileta. Kikombe kiligongana na sahani njia nzima. Mzee akakipokea mbele ya watu wote, akanywa hadi mwisho, akamrudishia.

Oliva hakunitazama tena. Nilipomuaga alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa baridi na hauna nguvu. Alishaunganisha.

Festo alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika akasimama, mikono mfukoni.

"Leo siwezi kukwambia nimekusamehe," akasema. "Lakini yale uliyaandika, watu wakayafuata. Na haya yaandike palepale."

Nikamwambia nitaandika. Aliomba nibadilishe majina, nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Nilidhani ningeishia hapo. Nilikuja mapema leo ili niandike kabla wateja hawajajaa, nikitumaini nikimaliza nitalia kidogo halafu nitaendelea na kazi. Lakini nilipofungua sanduku la barua la blogu, ambalo huwa nalisoma mara moja kwa wiki, nikakuta ujumbe mmoja. Umetumwa Jumapili saa nane mchana.

Anajiita Mama Pendo. Anasema yuko Ludewa, milimani, ambako mtandao hupatikana kwa kupanda hadi shuleni. Anasema wiki iliyopita hakuweza kupika kwa sababu walikuwa wanavuna viazi, ila pishi alilinakili lote kwenye daftari lilipotoka tu, neno kwa neno, ili asihangaike na mtandao. "Jumamosi hii watoto wote sita watakuwa nyumbani," ameandika. "Tutafunga kila kitu kama Macho. Nitakutumia picha."

Nimefuta chapisho. Daftari lake sijalifuta.

Na Jumapili saa nane mchana alikuwa mtandaoni. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshatoka hospitali, nimeshaondoa mistari yangu kimyakimya, nimelala. Kama ningeandika ukweli asubuhi ile, angeukuta.

Nimemjibu. Nimemjibu mara nne. Hakuacha namba ya simu wala jina la kijiji, na Ludewa ina milima mingi. Nimepiga simu redioni, wamesema watalisoma tangazo leo na kesho. Hapa dukani nimechapa karatasi hamsini zenye herufi kubwa. Kesho alfajiri nitakwenda stendi ya Njombe nimpe kila dereva na kila kondakta wa gari la Ludewa, na kila mama mwenye mzigo wa kwenda huko, azibandike shuleni, kanisani, zahanati, kwenye mashine za kusaga. Bosi wangu nimemwambia ukweli safari hii. Amenitazama, kisha akaniongezea rimu moja ya karatasi.

Ukungu umeanza kuwa mwepesi, naiona nguzo ya tatu.

Wewe unayesoma hapa, kama una ndugu Ludewa, usimalize kusoma. Mpigie. Muulize kama anamjua Mama Pendo mwenye watoto sita. Mwambie amwambie jiko libaki nje, na mlango na madirisha viwe wazi, hata baridi iwe kali namna gani.

Kesho ni Ijumaa. Keshokutwa atawasha mkaa.